Ndovu Wanajua Mimi ni Mkamba

Ndovu wa Amboseli wanajua kwamba mimi ni Mkamba. Jina langu hawalijui, lakini nikipaza sauti gizani kwa lugha ya mama, wanaisikiliza, wanaipima, kisha wanaamua kwamba aliye mbele yao ni mkulima na si mtu wa mkuki. Wakishaamua hivyo wanaendelea kula. Niliishi na jambo hili shambani kwangu miaka mingi kabla sijaambiwa kwamba wasomi wamelithibitisha, na ndilo lililonigeuza. Ushuhuda huu nautoa nikiwa bado mkulima wa Kimana, bado napata hasara, bado nakesha. Sijahamia kwa ndovu nikawakimbia majirani zangu. Kilichobadilika ni kile ninachokiona ninapomtazama ndovu, na kutokana na hicho yamebadilika mengi ninayoyafanya.

Nilifika Kimana mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikitoka Makueni, ambako mvua ilikuwa imetunyima mavuno misimu mfululizo. Kimana iko chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Maji ya mlima hupita chini ya ardhi, yakaja kuibuka huku kwetu kama chemchemi. Penye maji hayo unalima mwaka mzima: nyanya, vitunguu, mahindi, pilipili. Ardhi ni ya Wamaasai; sisi Wakamba, Wakikuyu, na Wachaga waliovuka mpaka, tunakodi. Unaweka pampu, unachimba mifereji, unamwomba Mungu bei ya Nairobi isianguke wiki ya kuvuna.

Maji ya mlima huo huo ndiyo yanayolisha vinamasi vya Amboseli, yaani Longinye na Enkongo Narok, ambamo ndovu hushinda wakila majani mabichi hata wakati nchi yote ni vumbi. Jua likizama wengi wao wanatoka. Mbuga ya Amboseli yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 392 tu, na ndovu wanaoitegemea ni zaidi ya 1,500. Hawawezi kuishi humo peke yake. Usiku wanatembea kwenye ardhi ya watu, na mojawapo ya njia zao kubwa, ile inayoelekea milima ya Chyulu na Tsavo, inapita Kimana.

Asiyewahi kulima kando ya njia hiyo ni vigumu kumweleza. Nyanya za miezi mitatu, zilizokuzwa kwa mbolea ya mkopo na dawa ya mkopo, zinakwisha katika usiku mmoja. Wasichokula wanakikanyaga, mabomba wanayang'oa, mfereji wanaubomoa. Unapiga madebe, unachoma matairi, unamulika kwa kurunzi, na asubuhi unapita katikati ya matuta ukihesabu kilichobaki wima. Na kuna hasara isiyo ya mazao. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wadogo, alitoka alfajiri kwenda kuwasha pampu, akakutana na dume kwenye kona ya ua, akafa papo hapo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa ilipwe shilingi milioni 5. Watoto wale na baba yao walijaza fomu, wakangoja, wakajaza tena. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia watu wa mjini wakimsifu ndovu kana kwamba sisi tunaolala karibu naye hatupo.

Siku hizo, kwangu mimi, ndovu alikuwa mmoja tu. Nilisema "ndovu amekuja", "ndovu ameharibu", na sikujali kama wa leo ndiye wa jana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba miongoni mwao kuna mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni, anayeongoza na anayefuata.

Usiku ulionishtua ulikuwa wa kiangazi. Madume watatu walikuwa wameingia kwenye nyanya, na mimi na vibarua wangu tulikuwa tumepiga kelele mpaka sauti zikakauka. Walikuwa wakila bila wasiwasi wowote, hatua chache kutoka pale tulipowasha moto. Ndipo mwenye shamba alipotokea, mzee wa Kimaasai anayenikodisha, amejifunika shuka, fimbo mkononi. Alisimama penye mfereji akawasemesha kwa Kimaasai. Hakupiga kelele kama sisi. Aliwakemea tu, sauti nzito ya mzee anayekemea vijana. Wote watatu waliacha kula. Waliinua mikonga, wakanusa upande wake, wakasogeleana bega kwa bega, wakageuka, wakaondoka kwa mwendo wa haraka.

Nilimuuliza, "Mzee, umewafanyia dawa?"

"Dawa gani? Wananijua."

"Wanakujua wewe, mzee?"

"Wanatujua sisi. Hata nyinyi wanawajua. Ndiyo maana hawakuondoka."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu nikiyachukua kuwa maneno ya wazee. Aliyeyafungua ni binti yangu. Alikuwa amesomea utalii na wanyamapori chuoni, akapata kazi ya kuongoza wageni huku huku Amboseli, na siku moja nilipomsimulia habari ya mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hilo limeandikwa."

Akanieleza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akina Karen McComb na Graeme Shannon, walirekodi sauti za watu wakisema sentensi moja tu, ya kumwonyesha mwenzio kwamba kuna kundi la ndovu linakuja. Wengine waliisema kwa Kimaasai, wengine kwa Kikamba. Kisha walizicheza kwenye spika iliyofichwa karibu na familia 47 za ndovu hapa Amboseli. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai ilipotoka, ndovu walikusanyika, wakanusa hewa, wakarudi nyuma. Ya mwanamume wa Kikamba iliwatisha kidogo sana. Hata kwa Wamaasai wenyewe walitofautisha: sauti ya mwanamke au ya mtoto wa kiume haikuwakimbiza kama ya mtu mzima. Watafiti wakajaribu kuzigeuza kwa mitambo sauti za wanaume ziwe nyembamba kama za wanawake, lakini ndovu hawakudanganyika. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014. Kabla yake, mwaka 2007, wengine walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo kwa harufu. Nguo iliyovaliwa na Mmaasai kwa siku kadhaa iliwafanya ndovu wakimbie, na iliyovaliwa na Mkamba haikuwatisha hivyo.

Sababu inaeleweka na kila anayeishi huku. Mmaasai anachunga, anakutana na ndovu penye maji, na moran, kijana wao wa vita, akitaka kulipiza kisasi au kuonyesha ushujaa, mkuki uko mkononi. Mkamba wa huku ana jembe na debe.

Hapa ndipo nilipoona haya na fahari pamoja, maana mimi ni wa ukoo uliowinda ndovu. Katika karne ya 19 Wakamba tulikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe, misafara yetu ikishuka mpaka Mombasa. Kivoi wa Kitui, yule mkuu aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alijulikana kote kwa biashara hiyo. Mishale yetu ya sumu iliua ndovu wengi. Kama kungekuwa na haki ya kulipizana kwa ukoo, ndovu wangetukimbia sisi kwanza, au wangetukanyaga sisi kwanza. Lakini hawa wa Amboseli hawahukumu kwa ukoo. Wanahukumu kwa yale waliyoyaona wao na waliyofundishwa na wakubwa wao: nani huku, leo, ana mkuki, na nani hana. Mimi, ambaye nilikuwa nimewahukumu wote kwa neno moja, nilikuta wao wamechukua taabu ya kunitenga na jirani yangu kwa lugha, kwa jinsia, kwa umri na kwa harufu ya shati.

Binti yangu alinipeleka mbugani. Nimekaa jirani na Amboseli miaka hiyo yote, nikasikia injini za ndege za watalii zikipita juu ya vitunguu vyangu, na sikuwa nimewahi kuingia. Wengi wetu tulio pembeni ya mbuga hatujawahi. Ndovu tuliwajua usiku tu, wakiwa vivuli vyenye mlio wa matawi yanayovunjika.

Mchana ni viumbe wengine. Tulisimamisha gari kando ya kinamasi, na mbele yetu kulikuwa na kundi la majike na watoto wao, wengine wamezama mpaka tumboni. Binti yangu alianza kunionyesha masikio. Hakuna sikio linalofanana na jingine, alisema: lina tundu, lina mchaniko, lina mishipa iliyojipanga namna yake. Kwa masikio hayo na kwa pembe, watafiti wamewatambua ndovu wa Amboseli mmoja mmoja tangu mwaka 1972, Cynthia Moss alipoanza kazi hapa. Kila familia ina herufi zake, kila mmoja ana jina na kumbukumbu zake tangu kuzaliwa. Waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni wanawake wa Kenya, Soila Sayialel, Katito Sayialel na Norah Njiraini, wanaowajua ndovu hao kwa kuwatupia jicho tu. Niliposikia hivyo nilijisikia furaha ambayo bado ninayo.

Familia ya ndovu ni ya akina mama. Jike mkongwe huongoza, na pamoja naye wako dada zake, binti zake, wajukuu zake. Binti hatoki, anazaliwa humo na kuzeeka humo. Mimba ni ya miezi 22, na mtoto hunyonya miaka kadhaa, hivyo kila anayezaliwa ni mali ya wote. Mbele ya macho yangu ndama mmoja aliteleza kwenye tope akalia, na kabla mama yake hajageuka, wasichana wawili wa kundi walikuwa wameshafika, mmoja akimsukuma kwa paji la uso, mwingine akimwinua kwa mkonga. Wasichana hao ndio walezi. Wanajifunza umama kwa watoto wa wenzao miaka mingi kabla ya kuzaa wao.

Kisha likaja kundi jingine kutoka upande wa mlima. Niliogopa, nikidhani kutakuwa na vita vya maji. Kumbe walikuwa jamaa. Walikimbiliana wakipiga masikio, wakinguruma, majimaji yakiwatiririka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio, wakagongana pembe na kutiana mikonga midomoni. Gari letu lilitikisika kwa ngurumo zile, na binti yangu akasema nyingine kubwa zaidi zilikuwa zinatupita bila kusikika, kwa kuwa ndovu huongea pia kwa sauti nzito mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuipata, inayofika kilomita kadhaa. Niliuliza wameachana muda gani. Pengine tangu asubuhi, alisema. Pengine siku mbili.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti mwingine uliotumia ngurumo zilizorekodiwa Amboseli na Samburu, 469 kwa jumla, za tangu mwaka 1986. Ulionyesha kwamba ndovu wana miito ya kuitana mmoja mmoja, mwito wa huyu si wa yule, kama majina. Waliporudishiwa mwito uliokuwa wa kwao walijibu na kusogea haraka kuliko waliposikia mwito wa mwenzao. Binti yangu alinitumia habari hiyo kwa simu, nami nikaisoma nikiwa shambani, mabomba yakimwaga maji miguuni pangu.

Lakini narudi siku ile ya mbugani, kwa sababu mkongwe wa lile kundi la kwanza ndiye aliyenishika moyo. Alikuwa na mashavu yaliyobonyea na pembe moja fupi. Hakufanya jambo kubwa. Alipoinua kichwa wote waliacha kula, alipokishusha wakaendelea. McComb na wenzake waligundua, katika utafiti wa mwaka 2001, kwamba familia zenye kiongozi mzee zaidi hutambua vizuri zaidi sauti ya jamaa na ya mgeni, na majike wake huzaa watoto wengi zaidi. Baadaye, mwaka 2011, walicheza milio ya simba, na wakongwe ndio waliotambua haraka mlio wa simba dume, ambaye ni hatari zaidi kwa ndama. Kiongozi kijana alipitwa na tofauti hiyo. Elimu ya kundi zima imo ndani ya kichwa cha mama mmoja mzee.

Mwaka 2009 nilikuwa nimeona bila kuelewa elimu hiyo ikipotea. Ule ukame hakuna mtu wa Kajiado atakayeusahau. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, nyumbu na pundamilia wakafa, na mizoga ya ndovu ikawa kando ya barabara ya Emali. Waliokufa sana walikuwa ndama na mama wazee, maana ndovu ana zamu sita za magego maishani, na la mwisho likishalika hawezi kusaga majani makavu ya kiangazi. Mwezi wa Mei mwaka huo alikufa Echo, jike aliyekuwa na miaka ya sitini hivi na aliyeongoza familia yake kwa miongo kadhaa, yule aliyetazamwa na dunia nzima kwenye filamu. Nilisikia habari zake redioni nikaona ni mambo ya wazungu. Sasa najua kwamba kwa kila mkongwe aliyeanguka mwaka ule, kuna familia iliyobaki na kiongozi ambaye hakuwahi kuvuka ukame wa namna ile akiwa mkubwa. Mvua ziliporudi walizaliwa watoto wengi sana, hasa mwaka 2011 na 2012, na binti yangu huniambia kwamba vijana wengi tunaowaona leo ni wa uzazi ule.

Jioni ya siku ile ya mbugani, tukirudi, tuliona madume. Walikuwa watano au sita chini ya mgunga, na aliyekuwa katikati alikuwa na sikio la kulia lililochanika toka juu mpaka chini. Nilimjua mara moja. Nilikuwa nimemmulika usiku mwingi kwenye nyanya zangu. Vijana walimzunguka, wakimgusa mdomo kwa mikonga, wakinusa alichokuwa anakula, na alipoanza kutembea walimfuata kwa mstari.

Dume hufukuzwa kwa mama yake akiwa na miaka kama 14. Zamani watu walidhani tangu hapo anaishi peke yake. Sivyo, anakwenda kutafuta wakubwa, na kwao anajifunza maji yaliko, namna ya kupigana bila kuuana, na subira. Akipita miaka 25 au 30 huanza kupata vipindi vya kuwaka, tezi za kichwani zikimwagika na mkojo ukidondoka, hasira juu na hamu ya majike juu. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita masti, Joyce Poole na Cynthia Moss waliieleza kwa ndovu wa Afrika mwaka 1981 kutokana na madume wa hapa hapa. Na kwa wakubwa hao hao vijana wanajifunza wizi. Utafiti wa Patrick Chiyo na wenzake juu ya madume wa Amboseli, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kwamba kijana ambaye rafiki zake wa karibu, hasa walio wakubwa kwake, ni wavamizi wa mashamba, naye huelekea kuwa mvamizi. Majike wenye watoto mara nyingi hawaji kabisa. Hatari ni kubwa mno kwa ndama. Wanaokuja kwetu ni madume, na si wote. Tim, yule mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, alikuwa mgeni maarufu wa mashamba ya Kimana, vijana wakiwa nyuma yake. Alivishwa ukosi wa kumfuatilia mwaka 2016, skauti wa wanyamapori wakamrudisha usiku hadi usiku, na mwaka 2020 akafa kifo cha kawaida akiwa na miaka kama 50.

Kwa hiyo, pale chini ya mgunga, nilikuwa namtazama mwalimu. Swali lililonijia ni lile linalomjia kila mkulima: si auawe mwalimu, somo likome? Miaka yangu ya kwanza ningejibu ndiyo. Lakini somo halikomi, maana wanafunzi wameshahitimu; njia ya nyanya wanaijua. Na binti yangu alinisimulia ya Pilanesberg, Afrika Kusini. Huko walipeleka ndovu vijana, mayatima, waliookolewa wazazi wao walipopunguzwa kwa risasi katika mbuga ya Kruger. Walikua bila mkubwa yeyote. Katika miaka ya 1990 madume hao wakaanza kuwaka mapema mno, wakawa wanaua vifaru. Mauaji yalikoma pale walipoletwa madume sita wazima kutoka Kruger, mwaka 1998. Wakubwa walipofika, masti ya vijana ilitulia. Hiyo ndiyo hoja ninayoitoa kwenye baraza la chifu kila anaposimama mtu kutaka mkuki. Nawaambia: mkimwua mzee wao, mtabaki na vijana wasio na wa kuwakemea, na wao wataendelea kuja. Wengine hunizomea. Baba wa wale watoto niliowataja hakunizomea. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na hicho kimya chake ndicho kinachonifanya nichunge kila neno ninalolisema juu ya ndovu.

Mzee mwenye shamba ana mambo yake ambayo hakuyapata kwenye utafiti wowote. Tulipita naye siku moja penye fuvu la ndovu lililokuwa limelala jua kali, akakwanyua majani mabichi akayaweka ndani ya tundu la fuvu, kisha akaendelea na mazungumzo ya bei ya mbuzi. Sikumwuliza. Nimejua baadaye kwamba ndovu nao hawapiti mifupa ya wenzao hivi hivi. Hapa Amboseli waliwekewa fuvu la ndovu, la nyati na la kifaru, na la ndovu ndilo walilolinusa na kuligusa zaidi. Wakiwekewa pembe pamoja na fuvu na kipande cha mti, pembe ndiyo waliyoishikilia. Hawakuonekana kuchagua fuvu la kiongozi wao wenyewe kuliko la mwingine. Wanajali aliyekufa hata kama si wa kwao.

Sasa nieleze ninayoyafanya, maana ushuhuda bila matendo ni maneno. Sitegi mbao zenye misumari kwenye njia, jambo ambalo wengi walilifanya na bado wapo wanaolifanya. Ndovu mwenye mguu uliooza ndiye anayekuja kuua mtu alfajiri. Sehemu inayopakana na njia yao nimepanda pilipili, ambayo hawaili. Ua wa stima uliojengwa na jamii pamoja na wahifadhi umetuokoa sana, nami ni katika wale wanaofyeka majani chini ya waya ili umeme usipotee. Na nimerudi kwenye mizinga. Wakamba tumefuga nyuki tangu kale, baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo kwenye migunga ya Makueni, lakini huku nilikuwa nimeiacha. Ndovu humwogopa nyuki, anayemchoma ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Lucy King alionyesha kwamba wakimsikia nyuki hukimbia wakitikisa vichwa, na wana ngurumo maalumu ya kuonyana. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wameyazungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, ndovu akigusa waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Yangu michache haizuii kila kitu. Asali yake inalipa karo ya mdogo wa nyumbani.

Na sisemi tena "ndovu amekuja". Vibarua wangu wamezoea kuniambia: ni yule wa sikio, ana vijana watatu, au, ni mgeni, hatujamwona. Tofauti hiyo ni ya kazi kabisa. Mwenye sikio ukimmulika na kumwita skauti anaondoka taratibu. Mgeni anayewaka, anayedondosha mkojo, hatumsogelei kamwe, tunaacha ale na tunabaki ndani.

Mkataba wangu unakwisha mwezi wa Desemba. Mzee ameniita akaniambia kuna shirika linalowalipa wenye ardhi ili njia ya kwenda Chyulu ibaki wazi, na kwamba anataka kuiacha sehemu ya chini, ile yenye maji ya karibu na udongo mzuri kuliko wote, isilimwe tena. Angeweza kuikodisha kwa mtu mwingine kwa bei ya juu. Wapo wenye fedha wanaoitaka. Aliniuliza nina maoni gani. Nilimwambia, "Iache, mzee." Nitahamishia pampu juu, nichimbe mfereji mrefu zaidi, na msimu ujao nitalima nusu ya nilicholima mwaka huu.